Nilivyoziba jino kituo hakina umeme

Nilipopangiwa kituo cha afya kijijini, mwenzangu niliyemkuta akaniambia hapa umeme wa kubahatisha, mashine ya kutobolea ilishakufa, we ng'oa tu. Hiyo kauli inaniudhi mpaka leo, maana kuziba jino kwa vyombo vya mkono peke yake, ile njia inaitwa ART, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 80, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, WHO wakaja kuinadi dunia nzima 1994. Leo sisi ndo tung'oe tu?

Jino la kwanza lilinishinda. Mama mmoja, gego la chini limetoboka juu, nikachukua kijiko cha kuchimbia nilichokikuta drooni, nakwangua kinateleza, nakandamiza, mama kanidaka mkono, "mwanangu, unaniumiza." Nikaziba hivyohivyo. Wiki tatu hazijaisha karudi, dawa ya kuzibia imetoka yote na uozo laini umebaki pembeni chini ya enameli, lile ganda gumu la nje ya jino.

Kijiko kilikuwa butu, basi. Nikaagiza jiwe la kunolea mjini, elfu kumi na kitu hivi, unadondoshea tone la mafuta, unalaza ule upande wa mshazari unasugua huku unakizungusha kidogo kidogo. Kupima makali, kiguse kwenye ukucha wa dole gumba bila kukandamiza, kikinasa tayari, kikiteleza rudi kwenye jiwe. Nilikesha na vile vijiko na taa ya kichwani, ukucha wangu umejaa mikwaruzo!

Mama aliporudi tena nikaanza na kishoka, kile chombo cha mkono chenye ncha kali, ncha unaiweka kwenye tundu unapindisha huku na huku, enameli dhaifu inameguka yenyewe, kijiko kidogo kinapata njia. Safisha kwanza pale enameli inapokutana na dentini, tabaka laini zaidi la ndani, maana ndo nilipoachia uozo mara ya kwanza, sakafu iwe mwisho na kwa mkono mwepesi sana, ukikaribia mshipa wa ndani ya jino usilazimishe. Pamba badilisha kila ikilowa, mate ni adui wa glasi ayonoma, ile dawa ya kuzibia. Ukishajaza paka vaselini kwenye kidole cha glavu, kandamiza, halafu kidole kitoe kwa kukitelezesha pembeni, ukikiinua juu unaondoka na dawa.

Nikamwambia asile kitu saa nzima. Safari hii hakunishika mkono hata mara moja, na mwezi uliofuata kaja kamleta mumewe, "mfanyie kama ulivyonifanyia mimi, asing'olewe."