Fidla Ujerumani: chumba cha mazoezi, herufi H na hewa ya Januari

Siku ya mwanafunzi wa fidla Ujerumani huanzia kwenye chumba cha mazoezi. Mgeni kwa kawaida hulitambua hilo baada ya wiki mbili tatu, akishazunguka korido zote na kukuta kila chumba kinalia. Wengi wanaotoka kwetu hujiandaa sana kwa usaili na kwa viza, na wanafanya vizuri. Lakini usaili ni dakika kumi na tano. Maisha yenyewe ni miaka minne ya kuwahi chumba, kulinda ala na kujifunza upya majina ya noti ulizozijua tangu utotoni.

Tuanze na hesabu. Shahada ya kwanza ya muziki katika vyuo vya muziki vya serikali, vinavyoitwa Musikhochschule, kwa kawaida ni mihula 8 na pointi 240, yaani pointi 30 kwa muhula. Kila pointi inahesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi. Somo la ala na profesa wako ni mara moja kwa wiki, dakika 60 hadi 90. Ukizigawa pointi za ala kwa saa za somo, utaona haraka kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mazoezi ya peke yako. Ndiyo maana chumba ni mali.

Vyumba vinatolewa kwa namna mbili: unaacha kitambulisho kwa mlinzi wa mlangoni na kupewa ufunguo, au unaandikisha kwenye mfumo wa chuo. Kanuni za chuo chako zisome siku ya kwanza, hasa kifungu kinachosema chumba kikiachwa kitupu kwa muda gani kinapewa mwingine, na vyumba vipi vimetengwa kwa wapiga piano. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi jioni, kupata nafasi ni bahati. Saa mbili za mwanzo baada ya jengo kufunguliwa huwa na utulivu, kwa hiyo anayelala mapema ana faida kubwa kuliko mwenye kipaji anayechelewa kuamka. Kwenye ratiba, kumbuka 8.00 yao ndiyo saa 2 yetu. Ukiona herufi c.t. mbele ya muda wa mhadhara, mhadhara utaanza dakika 15 baadaye, ukiona s.t., unaanza palepale. Somo la ala halina dakika za hisani. Fika ala ikiwa imeshapimwa sauti.

Na ipimwe kwa sauti yao. Kipimo cha kimataifa cha noti A ni hezi 440, lakini orkestra nyingi za Ujerumani hutumia 443. Tofauti hiyo ni karibu sehemu moja ya nane ya nusu toni. Inasikika. Badilisha kipimo kwenye programu ya simu kabla hujaingia, kwa sababu piano ya darasani haitakushukia wewe.

Saa nne za mazoezi kwa siku zinatosha kwa walio wengi, zikigawanywa katika vipande vya dakika 50 na mapumziko ya dakika 10. Kipande cha kwanza ni nyuzi tupu, bila kubonyeza kidole, na skeli: metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, noti moja kwa mipigo minne, kisha noti mbili kwa mpigo, kisha nne. Cha pili ni mahali pagumu tu pa kazi unayojifunza, miza 4 hadi 8 (visehemu vinavyotengwa na mistari wima kwenye noti), si zaidi. Hapa ndipo wengi wanapopoteza muhula: wanapiga kazi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho mara kumi, na kosa lililo katikati linapigwa mara kumi pia, linazoeleka. Shusha kasi mpaka upige vizuri mara 5 mfululizo, kisha ongeza metronomu namba 4, si zaidi. Ukikosea, rudi kasi ya nyuma. Kipande cha tatu na cha nne, baada ya chakula, ni kwa kazi nzima na sehemu za orkestra.

Wakati wa baridi usianze kupiga mara uingiapo. Vidole vilivyotoka nje kwenye nyuzijoto sifuri havina wepesi, na kano zikilazimishwa zinavimba. Nawa kwa maji ya vuguvugu, subiri dakika 10, anza polepole. Fidla nayo inahitaji dakika hizo hizo. Na sikio la kushoto lilinde: fidla chini ya kidevu hupita desibeli 85 bila shida, kiwango ambacho kikidumu kwa wastani wa saa 8 kwa siku, sheria za kazi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha vizuia sauti. Nunua vizuia sauti vya wanamuziki vinavyopunguza desibeli 9 au 15. Vya povu la kawaida vinaua sauti za juu zaidi ya za chini, na utaanza kubana upinde ukitafuta mlio ambao sikio halipati.

Sasa herufi H. Kwa Wajerumani noti zinakwenda C, D, E, F, G, A, H. Noti tunayoiita B, wao ni H. Wakisema B, wanamaanisha B flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Shapu, yaani noti iliyopandishwa nusu toni, inaongezewa -is: F shapu ni Fis, C shapu ni Cis. Flati inaongezewa -es, isipokuwa E flati ni Es tu na A flati ni As. Ufunguo wa meja unaitwa Dur na wa maina unaitwa Moll. Kwa hiyo mwalimu akisema „B-Dur“, anataka flati mbili. Aliyefundishwa kwa vitabu vya Kiingereza anaandika shapu tano, na imla nzima, yaani muziki anaousikia na kuuandika, inakwenda na maji. Mpaka ulimi uzoee, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: B yao = B flati, H yao = B. Mfumo huu ndio uliomwezesha Bach kuandika jina lake kwa noti nne: B, A, C, H.

Somo la kusikia, linaloitwa Gehörbildung, ndiyo mahali ambapo mtoto wa kwaya ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Aliyelelewa na solfa, do-re-mi inayohama na ufunguo, anasikia umbali kati ya noti haraka. Tatizo linakuja kwenye kuandika, maana wao wanataka herufi zisizohama. Usijaribu kutafsiri kichwani wakati muziki unapigwa. Mara ya kwanza andika solfa tu kwa penseli juu ya mstari: d, r, m, s. Mara ya pili weka miza na urefu wa noti. Mara ya tatu ndipo uzigeuze kuwa noti za ufunguo uliopewa.

Mtego uko pale muziki unapohama ufunguo katikati. Mwenye solfa huhamisha do bila kujitambua, kisha anaendelea kutafsiri kwa ufunguo wa zamani, na mstari wote wa mwisho unakosea kwa umbali wa noti tano. Dawa yake ni kuisikiliza fi. Fa ikipandishwa kuwa fi, weka alama ya msalaba hapo hapo: mara nyingi fi hiyo ndiyo ti ya ufunguo mpya, na so ya zamani imekuwa do.

Darasa la harmonia lina mtego mwingine. Badala ya namba za Kirumi, utakuta T, S na D kwa akodi za kwanza, ya nne na ya tano. Hilo unalizoea kwa siku tatu. Linalosumbua ni neno Parallel. Kwa Wajerumani, mwenza wa C-Dur kwa neno hilo ni a-Moll, ufunguo usio na shapu wala flati kama C yenyewe. Katika vitabu vya Kiingereza, hasa vya Marekani, neno linalofanana nalo humaanisha C maina, yenye flati tatu. Wanafunzi wazuri kabisa wamepoteza alama hapa wakijua kazi vizuri.

Mpiga piano wa kukusindikiza hutolewa na chuo, kwa saa chache. Mpelekee sehemu yake mapema, angalau wiki mbili kabla, kasi ikiwa imeandikwa na miza zikiwa na namba sawa na zako. Na tahadhari kuhusu fotokopi, kwa sababu huku kwetu kwaya nzima huishi kwa fotokopi na hakuna anayeshtuka. Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani, kifungu cha 53, inakataza kunakili noti zenye ulinzi bila ruhusa, hata kwa matumizi binafsi. Kunakili kwa mkono kunaruhusiwa waziwazi. Mtunzi akishatimiza miaka 70 tangu kufa, kazi yake ni huru, ingawa toleo jipya la kitaalamu linaweza kuwa na ulinzi wake wa miaka 25. Azima maktaba ya chuo.

Kupiga nyumbani kunaruhusiwa, kwa kiasi. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya, na mikataba mingi ya nyumba huongeza saa za mchana na Jumapili. Tarehe 26 Oktoba 2018 mahakama ya juu ya kesi za madai, katika kesi ya mpiga tarumbeta, ilisema kupiga ala nyumbani ni sehemu ya maisha ya kawaida, na ikataja saa 2 hadi 3 siku za kazi na saa 1 hadi 2 Jumapili na sikukuu kama mwongozo. Kabla ya kutaja mahakama, gonga mlango wa jirani na umuulize anarudi kazini saa ngapi. Hodi moja hufanya kazi kuliko barua kumi.

Kuhusu fedha nitasema moja tu, kwa kuwa linawagusa wanamuziki. Kibali cha mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kinaruhusu siku 140 nzima au nusu siku 280 za kazi ya kuajiriwa kwa mwaka. Kupiga harusini kwa ankara yako mwenyewe, au kufundisha watoto kwa kujitegemea, ni jambo lingine: omba ruhusa ofisi ya wageni kwanza.

Na sasa hewa, ambayo huvunja fidla nyingi kuliko safari ya ndege. Hewa ya nje kwenye nyuzijoto sifuri, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hubeba karibu gramu 4 tu za maji kwa mita ya ujazo. Ikiingia chumbani na kupashwa hadi nyuzijoto 22, inaweza kubeba zaidi ya 19. Maji ni yale yale, kwa hiyo unyevu unashuka hadi asilimia 20. Ala iliyokaa Dar es Salaam kwenye hewa ya pwani inasinyaa ghafla. Gundi ya fidla kwa makusudi ni dhaifu kuliko mbao, ili kiungo kifunguke kabla ubao haujapasuka. Ukisikia mlio wa kukwaruza usiokuwepo jana, gongagonga ukingo kwa kidole. Palipofunguka pana mlio mkavu. Mpelekee fundi fidla. Usiguse gundi ya dukani.

Taulo lenye maji juu ya hita halisaidii sana, maana kila ukifungua dirisha kupisha hewa, na mkataba wa nyumba unakutaka ufungue, unyevu unatoka. Shughulika na kasha. Weka ndani higromita, yaani kipima unyevu, na kidude cha kutunza unyevu, au kisanduku cha sabuni chenye matundu na sifongo ndani, iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka haidondoki. Lenga asilimia 45 hadi 55. Higromita za bei ndogo hudanganya, kwa hiyo ipime: kizibo cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa mpaka iwe kama uji mzito, kifunge na higromita kwenye mfuko usiopitisha hewa, acha usiku mzima. Inapaswa kusoma 75. Ikisoma 68, ongeza 7 kila unapoisoma.

Upinde ulegeze kila umalizapo. Singa za farasi hufupika hewa ikikauka, na upinde ulioachwa umekazwa hujikaza wenyewe mpaka ncha inavunjika.

Vigingi vya kukazia nyuzi navyo husinyaa na kuachia. Ukifungua kasha asubuhi na kukuta nyuzi zimelegea na daraja, kibao kinachobeba nyuzi, limelala, usizikaze. Mulika kwa tochi ya simu kupitia tundu la pembeni, uione nguzo ndogo ya ndani, ile Waitaliano wanayoiita anima, yaani roho. Ikiwa imeanguka, ziache nyuzi hivyo hivyo na uende kwa fundi, kwa maana ubao wa juu bila nguzo unaweza kubonyea au kupasuka. Ikiwa imesimama, simamisha daraja, upande wake unaotazama mkia wa fidla ukiwa wima kabisa. Chomoa kigingi kimoja, paka dawa ya vigingi kidogo kwenye pete mbili zinazong'aa, rudisha. Zungusha uzi ukielekea kwenye kichwa cha kigingi, mzunguko wa mwisho uguse ukuta wa kisanduku cha vigingi, na ukaze huku unasukuma ndani. Kisha uzi mwingine, mmoja mmoja, zote kidogo kidogo. Daraja litavutwa mbele kadiri unavyokaza; lirudishe wima kwa vidole vya mikono miwili kila baada ya robo mzunguko. Siku hiyo nenda somoni na nyuzi za akiba mfukoni, kwa sababu zile ulizokaza zitashuka tena angalau mara mbili kabla ya mchana.