Hapa ni paja

Usiku huu Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, imelala, bodaboda tu ndizo zinapita moja moja. Jumatano tunapanda basi kwenda Dar es Salaam, binti wa dada yangu akafanyiwe upasuaji wa pili wa kurekebisha makovu, safari hii kiwiko. Ana miaka minane. Leo nimeshinda naye nikimweleza, na nataka niyaandike kabla hayajanitoka.

Aliungua akiwa na miaka mitatu. Sufuria la chai lilikuwa jikoni uani, jiko la mkaa liko chini kama tulivyopikia miaka yote. Alikuwa anamkimbiza kuku, akajikwaa, akaliangukia. Kidonda kilipofunga tukashukuru Mungu, tukadhani yameisha. Kumbe kovu la moto husinyaa, na likisinyaa linavuta kila kilicho jirani. Mwaka haujapita, kidevu kikawa kimeinamia kifua na mkono haunyooki. Kiungo kilichoungua kinatakiwa kinyooshwe, kifungwe banzi na kifanyishwe mazoezi mapema, tangu wiki za mwanzo. Hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Alipokuwa na miaka mitano akapelekwa kufanyiwa shingo. Tulimwambia tunakwenda Dar kununua viatu. Sote tulilisema hilo, mimi ndiye niliyelitunga. Alipozinduka kwenye nusukaputi akaikuta shingo imefungwa bendeji, na paja la kulia nalo limefungwa. Hakulilia shingo. Alililia paja. "Mamdogo, mbona mmeniumiza na mguu ambao hauumwi?"

Viatu tulimnunulia kweli. Hakuvivaa mpaka vikambana.

Kwa hiyo leo nimeanza na mchungwa. Babu yake yuko Muheza, anabebesha miche, na mtoto amemwona mara nyingi: anachana gome la mche wa mlimau, anapachika jicho la mchungwa, anafunga kwa utepe wa nailoni. Nikamuuliza, ukifungua kesho yake kuchungulia inakuwaje? "Linakufa. Babu anagomba." Basi nikamwambia, na daktari naye anabebesha.

Nikamweleza yote. Daktari atalikata kovu mpaka mkono unyooke. Likishakatwa linabaki pengo, na pengo lile linataka ngozi. Ngozi inatoka pajani, ile safu ya juu tu, nyembamba sana, ndiyo maana paja huota ngozi yake tena kwa muda wa wiki mbili hivi. Siku mbili tatu za mwanzo ngozi iliyohamishwa haina mishipa ya damu inayoilisha, inaishi kwa kunyonya majimaji ya pale ilipolazwa, huku mishipa midogo ikiunganika polepole. Ikiteleza kabla ya hapo, haishiki. Ndiyo sababu mkono utafungwa usitikisike. Na paja litauma, pengine kuliko kiwiko. Hilo nimelisema mara mbili, nikimtazama machoni.

Akanyamaza, akapeleka vidole shingoni. "Kwa hiyo hapa ni paja?"

Ndiyo, hapa ni paja.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. "Ndiyo maana ni peusi kuliko uso." Ndiyo, ngozi huhama na rangi yake. Miaka mitatu alikuwa anadhani ni uchafu. Nilikuwa nikimwona bafuni akipasugua na dodoki, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Swali lililofuata ndilo nililokuwa naliogopa: makovu yataondoka? Ulimi ulishaanza kutafuta viatu vingine. Nikasema hayataondoka. Mkono utanyooka, utaunyoosha darasani mwalimu auone, lakini alama zitabaki. Na mchungwa unakua na jicho lake, ila ngozi ya kupandikiza haifuati mwili sawasawa mtoto anapokua, inaweza kuvuta tena, ikabidi turudi. Hakulia. Aliuliza kama banzi atalala nalo. Atalala nalo, miezi.

Kinachonisumbua sasa ni mtaa. Katika vita vya pili vya dunia daktari Archibald McIndoe aliwatengeneza marubani walioungua, katika mji wa East Grinstead huko Uingereza, na akawaomba wenyeji wawapokee bila kuwakodolea macho. Wakafanya hivyo, mji ukajulikana kwa hilo. McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, mwaka 1957 walianzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege huku kwetu Afrika Mashariki, ambayo leo ni Amref. Naufikiria mji ule kila tunapopita sokoni na watu wazima wanasimama, wanamshika kidevu, wanasema "maskini" mbele yake. Ana masikio. Msalimieni, muulizeni shule.

Jioni nimemkuta barazani na mdogo wake, kalamu mkononi, gauni kalipandisha. Amejichorea mraba kwenye paja la kushoto, mistari imenyooka, kaipimia rula ya shule. Anamweleza mdogo wake kuwa la kulia limeshatoa, sasa ni zamu ya hili. Nikamwambia daktari ndiye atakayechagua, ila tutamwomba. Akasema sawa, lakini asiogeshwe mguu huo mpaka Jumatano, wino usifutike.