Wati 65 tu: nilivyotenganisha tatizo la umeme na tatizo la joto kwenye kompyuta ya mezani

Kasi ya prosesa ikishuka katikati ya kazi nzito, wengi husema papo hapo, "Inachemka hiyo, badilisha feni." Mimi sikushika bisibisi mpaka nilipoona namba, na ningemshauri yeyote aanzie hapo. Joto na umeme ni vizuizi viwili tofauti. Kwa mtumiaji dalili ni ile ile, mashine inazubaa, lakini dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Kompyuta yangu ilitoka kiwandani ikiwa imeshaungwa, na ndani ina Core i7-12700. Intel wameipa prosesa hii wati 65 za msingi, wati 180 inapojitutumua, na ukomo wa joto wa nyuzi 100. Kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo viini vyote 12, vikubwa na vidogo, hufanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Kila nilipoanza kutoa video iliyokamilika (export), mwanzo ulikuwa mzuri, halafu ghafla kasi inaporomoka na kubaki huko chini hadi mwisho.

Nilifungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, nikakodolea macho mistari minne tu: joto la prosesa, wati inazokula, kasi ya viini, na zile sababu za kubana kasi ambazo programu huziandikia Yes au No. Nikaiacha Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, izunguke mfululizo. Viini vikubwa vilianza na gigahezi 4.5, wati zikavuka 150, joto likapanda haraka hadi nyuzi 91. Ilipofika kama nusu dakika, wati zikaanguka hadi 65 na hazikutikisika tena. Kasi ikawa gigahezi 3.2, joto likateremka hadi nyuzi 66. Mstari wa PL1, yaani kikomo cha umeme cha kudumu, ukasema Yes, wa joto ukasema No. Prosesa yenye nyuzi 66 haibanwi na joto. Kuna aliyeikatia umeme.

Aliyeikatia ni mpangilio wa kiwandani. Prosesa za Intel huwa na vikomo viwili vikuu: PL2 ni cha kupanda kwa muda mfupi, PL1 ni cha kudumu, na kati yao kuna muda unaoitwa Tau, ambao kwa mashine nyingi za wati 65 ni sekunde 28. Muda huo ukiisha, wastani wa umeme hurudishwa kwenye PL1. Mtengenezaji wa kompyuta ana ruhusa ya kuchagua namba hizo, na anayefunga kipoza joto kidogo huchagua ndogo. Sioni ubaya katika hilo. Kinachoniudhi ni kwamba mnunuzi haambiwi, wakati jina la prosesa limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi.

Ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows, sikukuta pa kubadilisha chochote, kwa hiyo nikahamia ThrottleStop, programu ya Windows ya kubadilisha vikomo hivi. Kwenye baadhi ya mashine BIOS hutia kufuli kwenye vikomo hivi wakati wa kuwaka, na kufuli hilo likiwepo hakuna programu ya Windows itakayolifungua. Yangu haikuwa nalo. Nikapandisha PL1 hadi 125, nikarudia kipimo, na bado wati zikarudi 65!

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze vizuri. Vikomo vya umeme huhifadhiwa sehemu mbili, moja inaitwa MSR na nyingine MMIO, na prosesa hutii ile yenye namba ndogo. Nilikuwa nimebadilisha MSR, lakini MMIO ilikuwa bado ina 65. Dirisha la TPL ndani ya ThrottleStop huonyesha zote mbili. Nilipozifanya zote mbili ziwe 125, wati zikakaa 125 bila kushuka.

Sasa joto likaja kudai haki yake. Baada ya dakika chache prosesa iligusa nyuzi 100, na mstari wa joto ukasema Yes. Kabla ya kununua kitu nilitoa ubavu wa kasha nikapima tena, kazi ile ile, chumba kile kile. Joto lilipungua kwa nyuzi kadhaa, lakini bado lilikuwa juu mno. Kwa hiyo hewa ndani ya kasha ilikuwa haitoshi, ila mzigo mkubwa ulikuwa kwenye kipoza joto chenyewe, kipande cha alumini kisicho hata na bomba moja la shaba.

Nilisafisha vumbi lililoziba matundu ya mbele, nikafunga kipoza joto cha mnara chenye feni ya milimita 120 na pesti mpya ya kupitisha joto. Anayetaka kufanya hivi kwenye kompyuta ya kiwandani akague kwanza mambo mawili: matundu ya ubao mama (ya soketi ya LGA1700, kama yangu, yana nafasi pana kuliko ya soketi ya zamani ya LGA1200, hivyo vishikio vya zamani havikai), na plagi ya feni, maana watengenezaji wengine hutumia ya kwao isiyolingana na za kawaida.

Sikuipandisha PL1 hadi zile wati 180 za Intel. Umeme hupanda upesi kuliko kasi, kwa sababu kila hatua ya juu hudai volti zaidi, na volti ikiongezeka kidogo wati huongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi. Pia sakiti za kugawa umeme pembeni ya prosesa kwenye ubao wangu ziko wazi, hazina kipande cha chuma cha kuzipoza, nami sitaki kuziunguza kwa ajili ya gigahezi kidogo. PL1 nimeiweka 110. Kwa kazi ndefu viini vikubwa vinakaa karibu na gigahezi 4, joto halivuki nyuzi 80, na mstari wa joto unasoma No kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mpangilio wa ThrottleStop hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo nimeiagiza Windows iwashe programu hiyo kila ninapoingia. Mashine ikiamka kutoka usingizini huwa natupia jicho wati kabla sijaanza kutoa video.