Nilivyoendesha pikapu kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron

Nilipopita mimi, anayetoka Arusha aliiacha lami Mto wa Mbu, na kutoka hapo hadi kijiji cha Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, zilibaki zaidi ya kilomita 100 za changarawe, vumbi na makorongo. Nilikwenda kiangazi, kwa pikapu ya dizeli inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nilijaza tangi, nikapakia matairi mawili ya akiba, sepetu, pampu ya upepo, maji ya kutosha hata kama ningelala njiani, na kipande cha ubao mnene. Ubao huo wengi huusahau, ilhali jeki iliyowekwa juu ya mchanga mtupu huzama yenyewe badala ya kuinua gari.

Hadi Engaruka, kero ilikuwa mawimbi madogo magumu yaliyoipanga barabara kama bati. Nilipunguza upepo wa matairi kutoka paundi 36 hadi 25 hivi, na gari likatulia. Wako madereva wanaosema kwamba ukikimbia gari huelea juu ya mawimbi hayo. Ni kweli mtikisiko hupungua, lakini tairi linalochupachupa halitii breki wala usukani, na njia hii ina mbuzi, punda na watoto wachungaji. Mimi sikuzidi kilomita 40 kwa saa.

Baada ya Engaruka, ukuta wa Bonde la Ufa ulikuwa kushoto, mlima Kitumbeine kulia, na mbele yangu Ol Doinyo Lengai, wenye mita 2,962, ambao mlipuko wake wa 2007 na 2008 ulimwaga majivu mengi katika eneo hili. Vumbi la huku ni laini kiasi cha kupenya mipira ya milango, kwa hiyo kila niliposimama nilikung'uta kichujio cha hewa.

Kwenye korongo moja pana, alama za magari zilishuka moja kwa moja mchangani. Nilishuka kukagua kwa miguu, nikamkuta mzee wa Kimaasai akinywesha ng'ombe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, kijana wangu. Usifuate magari, fuata ng'ombe.”

Alinionyesha kwa fimbo: palipopita magari, kwato zilikuwa zimezama hadi kifundo, lakini hatua chache juu ya hapo zilikuwa zimechora changarawe tu. Niliweka giya nzito, nikapita hapo juu kwa mwendo mmoja bila kubadili giya wala kukanyaga breki, nikatokea ng'ambo.

Engare Sero nilikaza nati za magurudumu, ambazo mawimbi yalikuwa yamezilegeza, kisha nikarudisha upepo wote, kwa sababu njia ya kupanda ukuta kuelekea Loliondo ina mawe makali, na tairi lililolegea hutanua ubavu wake na kupasuliwa kwa urahisi.