Mzigo Ulikuwa wa Nani?

Siku kumi na mbili zimepita tangu nifike Fort William, mwisho wa West Highland Way, njia ndefu ya kutembea kwa miguu huku Scotland, na malengelenge ya kisigino cha kushoto yamekwisha kukauka. Wiki hii barua ya kuongezewa kibali cha kuishi imefika, dada amejifungua salama mtoto wa kiume kule Arusha, na meneja wetu mpya ameanza kazi. Yote hayo yanastahili kuandikwa, na huenda nikayaandika siku nyingine. Usiku wa leo nimeketi hapa kwa sababu ya maneno manne niliyoyasikia kwenye simu Jumapili iliyopita, ambayo tangu hapo yananifuata hadi kazini, hata ninapowageuza kitandani wazee ninaowahudumia saa tisa za usiku.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Mama alimpa baba simu, nikamwamkia, akaitikia.

"Marahaba, mama. Nasikia ulikwenda kutembea siku saba."

"Ndiyo, baba. Kilomita 154."

"Na mzigo mgongoni."

"Ndiyo, baba."

"Mzigo ulikuwa wa nani?"

"Wangu, baba."

Akanyamaza. Nilisikia mbwa wa jirani akibweka, kisha kiti kikisogezwa. Halafu akasema "Haya", na simu ikarudi kwa mama, ambaye alianza kunieleza bei ya ndizi.

Wasomaji wa siku nyingi mnamjua baba. Alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro kwa miaka 19, mmoja wa wale wanaojiita wagumu, na magoti yake hadi leo hutabiri mvua kuliko redio. Alibeba mahema, majiko, mayai, na mara moja choo cha kukunja cha mgeni ambaye hakutaka vyoo vya mlimani. Kileleni Uhuru hakuwahi kufika, kwa kuwa mzigo huishia kambi ya Kibo, na mgeni hupandishwa na waongozaji usiku huku wapagazi wamelala. Katika miaka yote hiyo hakuna hata siku moja ambayo mzigo ulikuwa wake. Kwa hiyo swali lake lingeweza kuwa swali la kawaida kabisa la mtu wa kazi ile, kama vile fundi cherehani anavyouliza kitambaa ni cha nani kabla hajauliza kipimo.

Lakini lingeweza pia kuwa kejeli. Nimelirudia kwa sauti jikoni, nikijaribu kupandisha na kushusha pale alipopandisha na kushusha yeye. Kama angesema "Ulibeba mzigo wa nani?", ningeona anauliza habari za kibarua, na ningemjibu kwa kicheko. Yeye alisema "Mzigo ulikuwa wa nani?", mzigo ukatangulia mbele kama kielelezo mahakamani, nami nikajibu kama mshitakiwa. Na ile "Haya" yake ndiyo inayonichoma zaidi. "Haya" ya baba ina maana sita, na kwa mbali hivi siwezi kuuona uso wake nikajua ni ipi.

Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia mambo mengine kabisa. Nilitaka kumwambia kwamba njia ya West Highland Way inaanzia katika mji unaoandikwa Milngavie lakini unatamkwa kitu kama Mulgai, na kwamba mtu akiutamka kama ulivyoandikwa watu hujua papo hapo kuwa ni mgeni. Nilitaka kumweleza jinsi nilivyosimama siku ya pili juu ya Conic Hill nikaona visiwa vya ziwa la Loch Lomond vimepangana mstari mmoja majini. Jinsi njia baada ya Rowardennan ilivyokuwa mizizi na mawe matupu, nikaenda kwa mikono na miguu. Na jinsi Rannoch Moor ilivyo kinamasi kisicho na nyumba wala mti wa kujikinga, mvua ikija kutoka ubavuni, wala si kutoka juu. Zaidi ya yote nilikuwa nimemwekea mzaha. Sehemu ya juu kabisa ya njia nzima inaitwa Devil's Staircase, Ngazi ya Shetani, na iko mita 550 hivi tu, wakati geti la Marangu lililo juu ya migomba yetu limeupita hata Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ambao una mita 1,345. Nilijua angecheka: mashetani wa huku wanaishi chini sana.

Hata suala la wapagazi nilitaka kumsimulia, kwa kuwa huku mpagazi ni gari. Watembeaji wengi hulipia mabegi yao yatangulizwe kila asubuhi hadi kituo cha kulala, wao wakatembea na chupa ya maji na koti la mvua. Mimi sikulipia. Nimekaa Glasgow miaka mitatu nikiijua nchi hii kwa dirisha la basi, kutoka chumbani hadi nyumba ya wazee na kurudi, nikataka siku saba ambazo kila ninachohitaji nimekibeba mwenyewe. Sasa jaribuni kumweleza hilo mtu ambaye hajawahi kupanda mlima bila kuandikwa kwenye orodha ya mishahara.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa hadi Alhamisi, nikiwa nimeudhika na kujiona mjinga kwa zamu. Alhamisi mama akatuma ujumbe wa sauti. Aliongea kwanza kuhusu mjukuu, kisha akasema: "Baba yako ameitazama ile picha yako mpaka chaji ikaisha. Anasema mzigo umeufunga vibaya. Vizito umevijaza chini, ndiyo maana shanta linakuvuta nyuma na wewe umepinda kama bibi. Mfuko wa kulalia ndio ukae chini, vizito vikae juu, kati ya mabega, vishikane na mgongo. Halafu anauliza, zilikuwa kilo ngapi?"

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Picha ile nilipigwa na Mjerumani mmoja pale juu ya Devil's Staircase, nyuma yangu kuna milima ya Glen Coe yote, na baba hakuona mlima hata mmoja. Aliona kamba. Na kinachoudhi ni kwamba yuko sahihi, kwani bega la kulia lilianza kuwaka tangu Balmaha, na chini kabisa nilikuwa nimeweka jiko, gesi na kilo mbili za unga wa sembe nilioununua duka la Waafrika.

Usiku ule nikaikumbuka asubuhi niliyoondoka nyumbani. Begi langu lilikuwa jipya, lenye magurudumu manne, na baba alilitazama lile gurudumu, akalitazama tope la njia yetu, akalinyanyua na kuliweka kichwani. Alisema "ishirini na nne". Nilimwomba tusaidiane akakataa, basi nikateremka nyuma yake hadi barabarani mikono mitupu, kama mtalii, huku mama akija nyuma na chupa ya chai. Mizani ya uwanja wa ndege ilisoma 23.8.

Jana nilitandaza vitu vyote kitandani nikalifunga shanta upya kama alivyoagiza, nikavaa viatu, nikapanda na kushuka ngazi za jengo mara nne. Halikuvuta nyuma. Nikalipeleka kazini, nikalipima kwenye mizani ya kiti tunayopimia wazee: kilo 14. Nimemtumia mama jibu hilo. Hadi sasa hakuna lililorudi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Usiku wa kuamkia Jumapili saa za nchi hii zinarudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka baridi inapokaribia. Ikifika saa nane itakuwa saa saba tena, na mimi ndiye niliyepangwa zamu. Ratiba imeandika saa 12, nami nitafanya 13. Nilimwuliza meneja mpya, akasema atauliza juu. Leo ni Ijumaa, hajaniambia kitu, na fomu ya mahudhurio haina hata kisanduku cha kuijaza saa ile inayorudiwa.