Injini Inayojizima Kwenye Foleni

Mfumo unaozima injini gari linaposimama na kuiwasha tena dereva anapoachia breki hulaumiwa na wengi kuwa ni kero, ilhali mimi naona kuwa lawama hiyo inasahau sheria iliyoueneza. Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji wastani wa gramu 130 za hewa ya ukaa kwa kilomita kwa magari mapya kufikia mwaka 2015, kisha gramu 95 kuanzia mwaka 2020, na kikamilifu mwaka 2021, na kwa kuwa hewa hiyo hutokana moja kwa moja na mafuta yanayochomwa, kupunguza gramu ni kupunguza mafuta. Katika kipimo cha zamani cha Ulaya, gari lilisimama kwa karibu robo ya muda wote wa jaribio. Hivyo kuzima injini kulileta nafuu kubwa kwenye karatasi. Kipimo kipya, kilichoanza kutumika Septemba 2017, kina muda mfupi zaidi wa gari kusimama, na nafuu hiyo imepungua.

Barabarani, hata hivyo, anayeishi na foleni huokoa mafuta kweli, na anayesafiri masafa marefu bila kusimama haokoi chochote. Ninachosisitiza ni betri: mfumo huu huhitaji betri maalumu inayostahimili kuwasha injini mara nyingi, na stata iliyoimarishwa, kwa hiyo anayeweka betri ya kawaida ili kupunguza gharama ataiona ikichoka mapema, na mara nyingi mfumo wenyewe utaacha kuzima injini chaji inapopungua.