Uso Unaochagua Mawimbi

Mafundi wengi hutafuta dawa ya mwingiliano wa mawimbi ndani ya kipokezi, kwa kuongeza chujio mwishoni mwa waya wa antena. Mimi huona ni bora kulizuia wimbi lisilotakiwa kabla halijaifikia antena, kwa sababu kikuzaji cha kwanza cha kipokezi, yaani sehemu inayoipa ishara nguvu, kikishalemewa na mawimbi ya mnara ulio jirani, ishara dhaifu huharibika humo humo, na chujio linalofuata haliwezi kuirejesha.

Kazi hiyo hufanywa na uso wa vipande vya shaba vinavyofanana, vilivyopangwa kwa safu juu ya bamba jembamba la plastiki. Wengine huufananisha na chekeche, mfano ambao naona unapotosha: chekeche hupitisha chochote kilicho kidogo kuliko tundu lake, ilhali uso huu huyashika masafa fulani na kuyaachilia ya chini na ya juu yake. Pete ya shaba ambayo mzingo wake unakaribia urefu wa wimbi huliitikia wimbi hilo kwa mkondo mkali na kulirudisha lilikotoka. Kwa masafa ya gigahezi 3.5, ambako wimbi lina urefu wa sentimita 8.6 hivi, kipenyo cha pete hakifiki sentimita 3. Shaba ikitandazwa kote na pete zikabaki kuwa matundu, mambo hugeuka: masafa yale yale ndiyo yanayopita, mengine yanaakisiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali mno. Vyombo viwili vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka 1977, kila kimoja kina dishi lenye upana wa mita 3.66, na mbele yake kiakisi kidogo kinachorudisha mawimbi ya gigahezi 8.4 na kupitisha ya gigahezi 2.3, hivyo masafa mawili hutumia dishi moja bila kuzuiana. Oktoba 2024, Voyager 1 ilipozima yenyewe kipeleka mawimbi chake cha kawaida, ilirudia masafa ya chini ambayo haikuwa imeyatumia kutuma ishara tangu 1981, nayo yakasikika duniani.

Udhaifu wa uso huu ni pembe. Wimbi linalokuja kwa mshazari huukuta uso uleule ukiitikia masafa yaliyosogea kidogo, kwa hiyo kipimo cha mawimbi yanayoukabili uso moja kwa moja peke yake hakinitoshi. Ningetaka kuona pia cha nyuzi 45. Na usumbufu ukiwa kwenye masafa yaleyale ya ishara inayotafutwa, uso huu hausaidii kitu. Hapo hubaki kuihamisha antena au kuigeuza.